Bi Swaumu na Nyumba Ambayo Mashine Haiipigii

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Bi Swaumu Tamimu anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, na ofisi yetu ya Kasulu inabaki na kiti kilichobonyea upande mmoja. Kamati ya sherehe imemwomba mwandishi aandike mambo ya kuchekesha. Yapo, ila hayajazi ukurasa. Asiyetaka mengine aruke, aende kwenye ratiba ya chakula.

Bi Swaumu, binti wa muuza vitambaa wa hapa mjini, alianzia kwenye simu ya upepo enzi za kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Kambi ilipofungwa alihamia kwenye simu za kawaida, na shirika letu la afya liliponunua mashine ya kupiga simu yenyewe, akakabidhiwa yeye. Mashine hiyo hupiga mamia ya namba kwa mkupuo. Anayepokea husikia sauti ya Bi Swaumu ikimkumbusha chanjo ya mtoto, kliniki ya mjamzito au kuchemsha maji. Kibali chetu kina masharti: isimpigie asiyeridhia, isipige kabla ya kukucha wala baada ya magharibi, na mtu akibonyeza tisa, asipigiwe tena wala asishawishiwe kurudi. Mameneja wamekuja na kuondoka wakimbembeleza alegeze kidogo tu. Ni heri wangebembeleza mlima.

Tucheke basi, maana kamati inasoma. Mwanzoni ujumbe ulianza moja kwa moja na kuhara, na wazee wa Kibondo wakawa wanakata simu. Nani anakuletea habari za kuhara hata hamjasalimiana? Bi Swaumu akarekodi upya, akasema "Mwidiwe," salamu ya Kiha, kisha akaacha kimya kidogo cha kuitikiwa. Watu wakaitikia, wakamuuliza na habari za watoto. Wengi waliamini wanaongea na mtu. Ofisini tulicheka mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyeona hatari iliyokuwamo.

Kisha mumewe, Mzee Hamis, akafariki. Bi Swaumu akakaa eda nyumbani kwake, lakini sauti yake haikukaa eda. Iliendelea kuzunguka vijijini kila asubuhi ikizungumzia maji. Habari za msiba zilikuwa zimefika, kwa hiyo watu wakaipa pole ile sauti, nayo ikapita juu ya pole zao bila kujibu. Huku kwetu anayekataa pole yako ana neno na wewe. Katika kitongoji cha Rugandara, upande wa Kibondo, walibonyeza tisa karibu nyumba zote.

Alipotoka eda, mama mmoja wa huko alimkamata sokoni Kasulu. "Nilikupa pole ya mume," akamwambia, "ukaendelea na habari za maji." Hapo ndipo tulipojua. Bi Swaumu akapanga kwenda kuwaeleza na kuomba radhi, lakini kabla hajaenda, kipindupindu kikaingia kwenye kijito cha Rugandara.

Meneja wa wakati huo aliagiza namba zile zifunguliwe, mashine ipige. Kufungua kulihitaji ruhusa kutoka juu, na ruhusa iliombwa asubuhi hiyo. Meneja hakutaka kuisubiri. Bi Swaumu alikataa kutoa neno la siri. "Aliyekataa amekataa," alisema. "Nitakwenda mwenyewe." Akapanda bodaboda.

Walimpokea vizuri, na hapo ndipo pagumu. Kila nyumba ilianza na pole, wakaleta kigoda, wakamuuliza jinsi marehemu alivyougua. Angekatisha, wangesema ni yuleyule wa kwenye simu, na habari ya maji isingesikilizwa. Akapokea pole zote kama zinavyopokelewa, ndipo akasema kuhusu kijito. Nyumba za juu, alizoanza nazo kutoka barabarani, zilimsikiliza, zikapona. Nyumba ya mama mmoja, Zaitun, iko chini kabisa, jirani na maji. Alipofika huko, mtoto wake Mudathiri alikuwa ameshaanza kulegea. Alifia njiani wakimkimbiza hospitali. Ruhusa ya kufungua namba ilifika tulipokuwa tunarudi kutoka mazikoni.

Siku ya maziko Bi Swaumu alimpa Zaitun pole. Zaitun alimtazama, asiiitikie, kama mashine yetu ilivyoziacha pole za watu bila jibu.

Wapo ofisini wanaosema mpaka leo kwamba mashine ingeachiwa, mtoto angekuwa hai. Wapo wanaosema Zaitun angekata simu kabla ya neno la pili. Mwandishi amebishana pande zote mbili na hajapata usingizi kwa upande wowote. Bi Swaumu hajawahi kubishana na yeyote.

Alichofanya kinaonekana. Siku hizi baada ya salamu mashine hukiri kuwa ni sauti iliyorekodiwa, na anayebonyeza moja huunganishwa na mtu mwenye masikio, anayeweza kupokea pole. Vituo vingine vimeiga utaratibu huo. Sauti yake itafutwa siku atakayoondoka, kwa ombi lake. Anasema ameshaiona ikitembea bila yeye, inatosha.

Rugandara wengi wamerudi wenyewe kuandikisha namba zao. Zaitun hajarudi, na sharti haliruhusu kumshawishi. Kwa hiyo kila mashine inapotangaza jambo, Bi Swaumu hupanda bodaboda kwenda kulisema mlangoni pa Zaitun. Kuna mtoto mwingine pale, Nasma, na chanjo zake zote zimekamilika. Pole haijajibiwa hadi leo. Zaitun husikiliza, kisha hufunga mlango taratibu.

Mwezi uliopita Bi Swaumu alikwenda kumuaga, akafuatana na mwandishi. Alimweleza kwamba anastaafu. Zaitun akasema neno lake la kwanza kwake tangu maziko.

"Nani atakuja?"

Bi Swaumu aligeuka akamtazama mwandishi.

Asante, Bi Swaumu, kwa kazi na kwa njia uliyotuonyesha. Mungu akupe afya na uzee wa utulivu. Nenda kapumzike, kwa Zaitun nitakwenda mimi.