Dokta Munisha Goundar na Fugwe ya Miwa

Wasikilizaji wapendwa, leo sina muziki wa kufungulia. Tumempoteza Dokta Munisha Goundar, mtafiti wa magonjwa ya miwa, mzaliwa wa hapa Seaqaqa. Saratani imemchukua Jumanne. Miaka arobaini na mmoja. Arobaini na mmoja tu, jamani!

Munisha alipambana na fugwe, ile kuvu inayouotesha muwa mjeledi mweusi kichwani. Alinieleza hapahapa studio. Chembe za kuvu hii ni za aina mbili. Kila moja peke yake ni kidonge kidogo, haina madhara. Zikikaribiana, kila moja hutoa kemikali, na mwenzake huinusa. Hapo ndipo hubadilika umbo. Hurefuka, huungana, huwa uzi, na uzi huo ndio unaouingia muwa.

"Nikipata dawa ya kuziziba pua," alisema akicheka, "zitabaki vidonge mpaka zife njaa."

Miaka tisa iliyopita aliuona mjeledi huo shambani kwa baba yake, Mzee Perumal. Kaka yake, Dharmen, alikuwepo, naye ndiye aliyenisimulia:

"Baba alimwambia, 'Funga mdomo mpaka tuvune, mwanangu. Kwani utapungukiwa nini?' Dada akasema, 'Baba, tukinyamaza tutawaua wenzetu.'"

Akaripoti. Shamba likang'olewa lote, likachomwa. Mzee Perumal akamsusa. Miaka tisa, wasikilizaji! Kila Diwali Munisha alileta vitamu, akaviacha barazani kwa baba yake, akarudi zake mjini Labasa.

Na fugwe ikarudi. Mashamba kumi na moja. Munisha alimwendea baba yake mara tatu. "Baba, kuna muwa uliobaki bila kuchomwa?" Mzee alitikisa kichwa tu. Basi miaka miwili ya mwisho, mgonjwa hivyohivyo, alizunguka mashambani kutafuta chanzo. Dawa aliyokuwa akiitafuta ikabaki nusu.

Jana, tulipotoka kuuchoma mwili wa Munisha, Mzee Perumal alinishika mkono. Ameniruhusu niyaseme haya.

"Nilificha safu moja nyuma ya banda la ng'ombe. Muwa alioupanda marehemu baba yangu, ningeuchomaje? Nikawagawia majirani mbegu ya muwa huo, bure, kama tunavyogawiana siku zote. Mwanangu aliniuliza mara tatu. Angeniuliza leo, ningemwambia."

Poleni sana akina Goundar. Pole na wewe, Mzee. Mliopewa mbegu ile mnajijua. Msione haya, ing'oeni leo. Na kama kuna mtu nyumbani anangoja jibu lako, zima redio, nenda ukamjibu.