Jicho la Pono wa Mtelezoni

Mimi kijiweni sikai. Kijiwe ndicho kilichokuja kikakaa kwangu. Nyumba yetu hapa Mji wa Kale ina baraza ya saruji upande wa kulia wa ngazi, na upande wa kushoto ukingo mpana ulioteremka hadi chini, umelainika kama sahani kwa makalio ya watoto wa mtaa, wangu wakiwemo. Wanaume hukaa kulia. Mimi hukaa juu mlangoni na karai langu la viazi. Baada ya alasiri huja Kazungu na dele lake la kahawa na ndoo ya maji ya kuoshea vikombe, na hapo dunia huvunjwa ikaundwa upya mpaka dele likauke. Siku ninayoisema, aliyetangulia kufika alikuwa Musyoka, naye hakusalimu mpaka nilipomsalimu mimi.

Musyoka ni Mkamba aliyeendesha kreni bandarini Kilindini miaka thelathini na mmoja, basi jina lake hapa ni Kreni. Pembeni yake hukaa Fuad, aitwaye Kapteni kwa ajili ya kofia aliyoachiwa na baharia mmoja. Yeye chombo alichozoea ni feri ya Likoni, na huko nako husimama katikati. Wa tatu ni Muhdhar, mwenye duka la mabomba. Huyo ni Mfereji, kwa biashara yake na kwa mdomo wake.

— Kahawa, Kreni? akauliza Kazungu.

— Nipe. Na akili kidogo, kama unayo.

— Akili alikuwa nayo jana, akasema Kapteni, ikamwagika pale kwenye kona.

Kreni hakucheka. Akashika kikombe kwa mikono miwili kama mtu mwenye baridi, na jua lilikuwa bado kali.

— Mutanu amekuja, akasema. Kwa treni ya jana. Yeye na mtoto wake, Ashley. Wako nyumbani wapumzika, halafu wanifuata hapa.

— Sasa mwanao amekuja, nawe umekaa kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi, akasema Mfereji.

— Juzi aliniuliza kwenye simu. "Baba, Ashley ametimia miaka saba. Nikija utatupeleka Mtelezoni?" Nikamwambia ndiyo.

Hapo hata viazi vyangu vilinyamaza karaini. Mtelezoni ilifungwa miaka ishirini na kitu iliyopita.

Wadogo hawaijui, kwa hivyo niiseme. Ilikuwa ng'ambo ya daraja, bustani yenye mabirika ya kuogelea na mitelezo ya maji, na mkubwa kuliko yote ukiitwa Joka, umejikunja mara tatu hewani kabla haujakutema birikani. Watoto wa mji huu walikuwa wakihesabu sikukuu kwa Joka. Lakini Joka halikupandwa ovyo. Chini ya ngazi zake palisimama samaki wa mbao, pono, amepakwa rangi, na bawabu kando yake. Kichwa chako kikifika kwenye jicho la pono, unapanda. Kisipofika, unarudi kwenye birika la watoto, na hakuna mjomba wala shangazi wa kukuombea.

— Huyo Mutanu si ndiye yule wa nywele? nikauliza.

— Ndiye, Mama Haroun.

Mama Haroun ni mimi. Kisa cha nywele nilikijua, lakini Kreni akakisimulia tena, na hatukumkatiza. Kila mwaka, siku ya pili baada ya Krismasi, alimpeleka Mutanu Mtelezoni, na kila mwaka Mutanu akawa hafiki jicho la pono. Mara ya tatu mama yake alimfunga nywele kwa nyuzi, zikasimama juu kama mnara. Bawabu hakusema neno. Aliweka kiganja juu ya ule mnara akaukandamiza taratibu, ukashuka, ukashuka, mpaka mtoto akabaki na urefu wake wa haki, vidole viwili chini ya jicho.

— Alilia? akauliza Kazungu.

— Hakulia. Tulipofika nyumbani alinishika mkono akanipeleka mlangoni. Akanambia, "Baba, chora jicho la pono hapa." Nikachora kwa mkaa. Mwaka mzima akijipima. Desemba alinipigia kelele kutoka mlangoni, nimepita, nimepita. Kweli alikuwa amepita.

— Ukampeleka, akasema Kapteni.

— Kulikuwa na meli. Nilimwambia, hii meli imalizike. Meli ilikaa siku tisa. Januari mama yake akamchukua Machakos kusoma, nikamwambia basi mwakani. Mwakani wakafunga.

— Na hukumwambia.

— Kila mara nilisema safari ijayo. Ukishalisema mara mbili, la tatu lajitokea lenyewe. Leo yuaja na mtoto, na sina la kusema. Nyinyi mna maneno mengi. Nipeni moja.

Hapo ndipo alipokosea. Hawa ukiwaomba neno moja hukupa kumi, na yote mabichi.

Mfereji alianza, maana habari ya maji ni yake.

— Mwambie ni mgandamizo wa maji. Joka likinywa maji, mji mzima wakauka. Nakumbuka vizuri, watoto wakiteleza kule, hapa kwetu watu wasimama na sabuni machoni. Ikabidi mji uchague, kuoga au kuteleza. Mwambie babako alichagua watu waoge.

— Mimi nilichagua?

— Kwa niaba.

— Maneno ya fundi bomba hayo, akasema Kapteni. Lile Joka halikufungwa, lilihamishwa. Lilikatwa vipande, vikatiwa kwenye makontena, likasafiri. Saa hii kuna mtoto wa tajiri huko Uarabuni yuateleza juu ya Joka letu, tena peke yake, hana hata wa kumsukuma. Na nani alilipakia melini? Fikiri, Kreni. Nani alikuwa juu ya kreni?

Kreni alikitazama kikombe.

— Kontena halisemi lina nini ndani, akasema polepole. Mimi huinua tu.

— Umeona? Yawezekana ulilibeba kwa mkono wako.

— Kapteni, nikamwambia, mtu amekuja na kidonda, wewe wamtilia ndimu.

Kazungu alikuwa akisuuza vikombe. Yeye husema mwisho, na akisema hupita wote.

— Mimi nilikuwa nikiuza kahawa pale langoni, kwa hivyo nilikuwapo. Lilikuwa na mwenyewe lile, jini. Kuna mtoto aliingia juu na kaptura nyekundu, akatoka chini na ya kijani.

— Walibadilishana na mwenziwe huko ngazini, akasema Mfereji.

— Na mwenziwe je, mbona alitoka hana kitu?

Hapo walicheka, hata Kreni, kidogo. Kisha wakaanza kubishana rangi ya Joka lenyewe. Kapteni akashikilia lilikuwa buluu. Mfereji akaapa lilikuwa kijani, na kwamba mtu mwenye kusimama katikati ya feri hawezi kuijua rangi ya maji. Wakaendelea hivyo, kila mmoja na Joka lake, nami nikageuza viazi.

Nilikuwa wa kwanza kuwaona. Mwanamke mrefu, suruali ya kazini na viatu vya raba, amemshika mtoto mkono, waja upande wa kivuli. Nilimjua kwa ule mwendo wake, kidevu juu, kama mtu bado yuapimwa.

— Shikamoo, Mama Haroun.

— Marahaba, mwanangu. Mutanu, umekuwa mnara kweli.

Akacheka, akawaamkia wote mmoja mmoja, kisha akakaa chini kwenye ngazi, karibu na miguu ya babake. Ashley alisimama akiwatazama wazee. Mtoto mwembamba, macho makubwa, amekwishavaa nguo ya kuogelea ndani. Kamba zake zilionekana mabegani. Kreni aliziona zile kamba. Nilimwona alivyoziona.

— Mnazungumza nini? akauliza Mutanu.

— Joka, akasema Kapteni, kabla hajakanyagwa mguu na Mfereji.

— Joka la Mtelezoni? Ashley akasogea. Mama amenambia. Ati unakwenda vuu. Ni nani kati yenu aliyeteleza?

Swali dogo kama hilo. Kapteni alivua kofia akaitazama ndani. Mfereji akasema yeye siku zote alikuwa akilinda nguo za watoto, maana pale palikuwa na wezi wa viatu. Kapteni akasema goti, na goti lenyewe nalijua, halikuuma mpaka miaka kumi baadaye. Kazungu akasema mtu hawezi kuacha dele langoni. Mtoto akageuka kwa babu yake.

— Wewe, babu?

— Mimi nilikuwa chini na taulo, akasema Kreni. Namngoja mama yako.

Ile miaka yote ya buluu na kijani, na hapana mmoja aliyekuwa amelipanda.

— Mimi niliteleza, nikasema.

Walinigeukia kama karai limesema.

Basi nikawaambia nisilowahi kuwaambia. Mtelezoni walikuwa na Alhamisi ya wanawake, mara moja kwa mwezi, wanaume wote hata mabawabu wakitolewa nje. Tulikwenda na gari la kukodi na sufuria la pilau, wanawake wa mtaa huu peke yetu. Tulipimana sisi kwa sisi kwa pono, tukicheka. Chini ya Joka mmoja wetu alisimama na leso ameitandaza, kwa sababu deera zikirowa hushika mwili, na hata mbele ya wanawake mtu ana haya yake. Ilipofika zamu yangu, deera yangu iliingia upepo ikavimba, nikakwama kwenye kona ya pili kama kizibo. Nikakaa pale namwita Mungu mpaka jirani yangu Mama Taha akaja kwa nyuma akanigonga, tukatoka wote wawili kwa pamoja, na leso ikatukosa.

— Na marehemu mumeo alijua? akauliza Mfereji.

— Marehemu alijua nilikwenda kula pilau.

— Lilikuwa rangi gani? akauliza Kapteni, kwa sauti ndogo.

— Nje buluu. Ndani manjano. Jua likipiga unakuwa kama uko ndani ya yai.

Ashley alikuwa amefungua mdomo.

— Basi twende, akasema. Babu, twende sasa.

Kreni aliweka kikombe chini. Alikitua kwa uangalifu sana, na kilikuwa kitupu. Akamtazama bintiye, si mtoto.

— Mutanu. Mtelezoni ilifungwa. Ilifungwa mwaka ule wa pili, na mimi nikakwambia safari ijayo. Na si ile meli iliyonizuia. Meli ilikuwa siku tisa tu. Ningeweza kuomba nusu siku, sikuomba.

Mutanu alichezea kamba ya kiatu.

— Najua, baba. Nimejua tangu niko darasa la nane. Binti mmoja wa Mombasa alinambia shuleni.

— Sasa mbona ukaniuliza?

— Nilitaka uniambie wewe.

Hata Mfereji alikuwa amefunga. Ashley peke yake ndiye aliyeanza kutikisa midomo, na kilio kilikuwa njiani, maana mambo ya darasa la nane si yake. Yeye amevaa nguo ya kuogelea.

Ndipo jicho langu likaanguka kwenye ule ukingo wa ngazi zangu.

— Kazungu, nikasema, lete ndoo hiyo.

— Ni maji ya vikombe, Mama Haroun.

— Ndiyo hayo. Mwaga hapa juu. Taratibu, yateremke.

Akamwaga, saruji ikang'aa. Mimi nikafungua leso yangu ya begani, nikashuka chini, nikaitandaza kwa mikono miwili. Ashley hakungoja kuelezwa. Alivua gauni, akapanda, akateremka mpaka ndani ya leso kifuani pangu, akarudi, akateremka tena. Kapteni akawa msimamizi wa foleni yenye mtu mmoja. Mfereji akaanza kueleza mgandamizo.

Mara ya nne au ya tano, Mutanu alisimama.

— Na mimi, akasema.

— Utachafua suruali, akasema babake.

— Nipime.

Kreni aliinuka. Bintiye amempita kichwa kizima, lakini alisimama mbele yake kama bawabu, akaweka kiganja hewani, usawa wa kifua cha Mutanu, pale pale lilipokuwa jicho la pono. Ndio mkono ulioshusha mizigo ya watu miaka thelathini na mmoja. Akautazama mkono, akamtazama mtoto wake.

— Umepita, akasema. Panda.

Akapanda, akakaa juu ya ukingo wangu na suruali yake ya kazini, magoti pamoja, mikono kifuani, kama nilivyomwelekeza. Babake akamsimamia nyuma, kiganja mgongoni. Nikatandaza leso. Ashley akashika upande mmoja.

— Haya, akasema Kreni. Nenda.

Kahawa ilibaki nusu dele siku hiyo. Vikombe vyote vilikuwa vichafu, na maji yote yalikuwa ngazini.