Dada Yetu wa Chumba cha Mazoezi

Dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne wa seremala wa mabehewa na mshona nguo. Kwa kuwa alitutangulia, alijipa kazi ya kutusimamia sote, na kazi hiyo hakuistaafu. Mimi ninayesoma hapa, mdogo wake anayemfuata, alinivuta sikio hadi nina mvi.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa karibu na karakana ya baba, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1982 akahitimu stashahada ya tiba ya viungo. Baba alimuuliza, "Miaka yote hiyo unajifunza kukanda watu?" Akamjibu, "Kukanda ni rahisi, Baba. Kazi ni kumfanya mtu mvivu akunje goti."

Tarehe 3 Mei 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, mtu mpole kupita kiasi. Walijaliwa binti na mwana, wakahamia ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti. Aliipenda nyumba ile, hasa kibaraza chake chenye makopo ya maua.

Alifanya kazi katika wodi ya mifupa hadi alipostaafu mwaka 2018. Miaka yake ya mwisho kazini alijifunza na kufundisha zoezi la mshipi. Mtu aliyevunjika mguu misuli yake husinyaa, na mfupa unaounga hauwezi kubebeshwa uzito mkubwa. Basi alimfunga pajani mshipi wa hewa, kama ule wa kupimia presha, ukapunguza mwendo wa damu kwa muda mfupi. Mgonjwa akainua uzito mdogo tu, na misuli ikachoka kana kwamba ameinua mkubwa. Dereva mmoja wa lori alipoona zoezi linamfaa, alijifunga mwenyewe nyumbani kwa mpira wa baiskeli, akaukaza kwelikweli. Dada alipokwenda kumtazama alimkuta mguu umekufa ganzi.

"Kaka, unataka kupona au unataka tuukate?"

"Nilitaka kuharakisha, Dada."

"Mshipi wangu una kipimo. Huo mpira wako una nini?"

Aliufungua yeye mwenyewe, akaondoka nao. Mguu ulipona.

Mwezi Machi 2022 Dada aliteleza bafuni, akavunjika mfupa wa chini ya goti. Baada ya upasuaji damu iliganda kwenye mshipa wa mguu huohuo, akatibiwa, akaletwa kukaa kwangu kwa sababu kwangu hakuna ngazi. Alitunzwa vizuri, lakini hakuwa na raha. Kila jioni aliniuliza, "Nitarudi kwangu lini?" Paja lilikuwa limekonda, na ghorofa tatu zilimngoja. Akamwomba mwanafunzi wake, ambaye sasa ndiye mkuu wa chumba cha mazoezi, amfunge mshipi.

"Haiwezekani, Mama. Uliwahi kuganda damu."

"Mimi ndiye niliyekufundisha!"

"Ndiyo maana nakataa."

Dada alinuna, akampa kisogo. Mwanafunzi yule hakuondoka. Alikaa palepale akimkunja goti polepole. Walipoachana Dada alimshika mkono, akasema, "Ungekubali, ningejua nimefundisha bure." Tangu hapo akafuata njia ndefu, bila mshipi, akilalamika kila siku. Mwezi Februari 2023 alipanda ngazi zake, shemeji nyuma yake, akipumzika kila ghorofa na kutufokea tuliotaka kumshika. Nililia, na sioni haya kusema.

Moyo wake ulianza kudhoofika mwishoni mwa mwaka huo. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Juni 2024, kitandani kwake, kibaraza kikiwa wazi.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu, wadogo zake watatu, na mwanafunzi aliyethubutu kumkatalia.

Mungu ampokee na ampe utulivu. Dada, ulifika kwako kwa miguu yako mwenyewe. Sasa pumzika.