Nyaya Tatu za Mhudumu wa Chanjo

Wasikilizaji wapendwa, leo namkumbuka mwanamke aliyezikwa Jumanne. Alikuwa mhudumu wa chumba cha chanjo katika zahanati. Wengi wenu mlimwita Mama Jiko. Jina hilo nilimpa mimi, kwenye maikrofoni hii hii, na nilimpa ili kuficha kosa langu. Naomba mnivumilie. Sijui kama nitaweza kulisema mara mbili.

Kwa miaka kumi na tisa mama huyu alitunza jokofu la chanjo. Wikiendi moja umeme ulikatika. Jumatatu akakuta chanjo zote zimeharibika, na nje foleni ya akina mama imeshajaa, watoto mgongoni. Aliwarudisha nyumbani mmoja mmoja. Kisha akajifungia stoo, akalia. Alipotoka alikuwa ameshaamua: jokofu hili likipata joto, lazima lipige kelele.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na hakuwahi kufungua hata tochi. Akanunua bodi ndogo ya kujifunzia, kompyuta isiyozidi kiganja, pamoja na sensa ya joto, yaani kifaa cha kupima joto, na king'ora. Mumewe ni mshona viatu. Aliniambia: "Aliposema anasubiri sensa, nikajua wanakuja kutuhesabu. Nikatoa viti nje."

Sensa ile ina nyaya tatu. Nyekundu inaleta umeme, nyeusi inaurudisha, ya njano inapeleka habari kwenye bodi. Ukikosea nyekundu na nyeusi, sensa inaungua. Aliunguza mbili. Mumewe akamwambia, pumzika mke wangu. Akajibu, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Ya tatu ikakubali. King'ora kikalia hadi majirani wakaja na fimbo wakitafuta mwizi.

Kifaa kikafungwa kwenye jokofu la zahanati. Miezi mitatu kikafanya kazi bila kasoro. Ndipo nikamwalika hapa studio, aje na kingine kama kile.

Alikipanga mezani, akaenda kunawa mikono. Mimi nikakisogeza nipate nafasi ya karatasi zangu. Nyaya mbili zikachomoka, nyekundu na nyeusi. Nikazirudisha kwa kubahatisha. Narudia, wasikilizaji: nilizichomoa mimi, nikazirudisha mimi, na aliporudi sikumwambia.

Tukaingia hewani. Akaishika sensa ili aipashe joto kwa vidole. King'ora kimya. Sensa ilikuwa imeshakuwa kaa la moto, ikamchoma. Badala ya kusema ukweli nikasema, "Wasikilizaji, mgeni wetu ametuletea jiko." Nikacheka. Nanyi mkapiga simu, mkacheka nami.

Alizitazama zile nyaya. Akanitazama mimi. Kisha akasogea kwenye maikrofoni, akasema taratibu, "Samahani jamani, nimekosea kuunganisha." Nikaweka muziki.

Mganga mkuu wa zahanati alikuwa anasikiliza. Kesho yake akaamuru kifaa kiondolewe. Miezi miwili baadaye umeme ukakatika tena, chanjo zikaharibika tena. Katika foleni iliyorudishwa siku hiyo walikuwemo mke wangu na binti yetu mchanga. Alifika nyumbani analaumu zahanati. Nilijua wa kulaumiwa ameketi naye meza moja. Nikaendelea kula.

Mhudumu yule hakuacha. Wahudumu wa zahanati nyingine walimfuata sebuleni kwake, akawafundisha nyaya tatu zile zile. Leo majokofu kumi na moja yanalindwa na kazi ya mikono yake. La zahanati yake halimo.

Wiki iliyopita ugonjwa wa moyo ulimzidi. Alikuwa na miaka hamsini na sita.

Nilikwenda msibani. Nikamvuta mumewe kando, nikamweleza yote, macho chini. Akaniacha nimalize.

"Alijua," akasema. "Siku ile ile aliniambia, kijana ana mikono ya haraka, amezigeuza. Nikamuuliza, mbona hukusema? Akasema, pale ni kazini kwake, nisingemvunjia heshima mbele za watu. Atakuja mwenyewe."

"Nisamehe, baba."

"Mwanangu, aliyekosewa si mimi. Alikungoja miaka minne. Mimi nikusamehe kwa niaba yake, nimeagizwa na nani?"

Akanipa kiti, nikakaa na waombolezaji.

Kwako baba, kwa wanao na ndugu wa marehemu: poleni sana. Kwa mganga mkuu: kifaa kile hakikuwa na kosa lolote. Na kwenu mliocheka siku ile, mlicheka kwa sababu niliwadanganya. Alikuwa fundi. Tumwite fundi.

Wasikilizaji wapendwa, huenda nawe kuna mtu uliyemwachia abebe kosa lako, na bado yu hai. Usingoje kipindi kiishe. Zima redio, umwendee.