Nani Atavaa Baibui la Bi Khairat

Risala ya wakazi wa Mtaa wa Pumzika, Dodoma, siku ya kufungua bomba la maji, Agosti 1994

Mgeni rasmi, Ndugu Denis Filipo, kabla hatujafika mbali tunaungama kosa. Lile shada la maua lilikuwa lako. Tumemvisha dereva wako kwa sababu ndiye aliyeshuka wa kwanza, tena na tai, na wewe ulikuwa na miwani ya jua. Kumvua tumeona aibu, acha abaki nalo. Bi Khairat, huyo aliyekaa mkekani hapo mbele, amecheka mpaka akakohoa: "Mtoto wa Loisi huyu! Zamani tungemjua hata kwa kisogo." Ndiyo hali yetu siku hizi. Sura zinatupita.

TULIKOTOKA

Hatukusimulii kama mgeni, umezaliwa hapa. Tunawasimulia uliofuatana nao. Mtaa huu ulianzishwa na wapagazi wa misafara waliotua mizigo wapumzike, wakaoa, wakasahau kuondoka. Wenyeji wao Wagogo, akina babu yako, waliwapa maji na mahali pa kujenga. Utani ukaanzia hapo. Ninyi mkatuita wabeba mizigo, sisi tukawaita wala mlenda, na hakuna aliyezikwa Pumzika bila mtani wa upande wa pili kuja kufanya vituko.

Kwenye msiba wa mama yako Loisi, Bi Khairat alivaa gauni la marehemu, akatembea kama yeye, akawakaripia waliokuja kuzika: "Nani kamaliza uwele wangu?" Ulikuwa unalia, ukacheka mpaka ukakaa chini. Sisi tunakumbuka.

MAFANIKIO

Tangu biashara iruhusiwe tumepata mengi. Sukari haina foleni. Duka la Ndugu Charles lina kila kitu, misumari mpaka redio. Tembe za udongo zimekwisha, zimekuja nyumba za bati na kuta ndefu zenye vipande vya chupa juu. Majirani wapya ni watu wema, wanatusalimia kwa honi.

MATATIZO

Waliopunguzwa kazini ndio waliotangulia kuuza nyumba, watoto wao wakaenda Dar. Upande wenu ndio uliokwisha haraka: wengine wako Msalato, wengine wamerudi vijijini kulima.

Mwaka jana alipofariki Mzee Zaidi, tulitafuta mtani nyumba kwa nyumba. Hayupo. Tukamwendea Ndugu Charles, tukamwelekeza: njoo umtukane marehemu, udai mbuzi, ulale njiani jeneza lisipite. Akasikiliza kwa heshima zote. Kesho yake akaja na suti, akatoa pole, akatoa bahasha ya rambirambi, akasimama pembeni kimya. Hatumlaumu. Utani haufundishwi jioni ukafanywa asubuhi. Tukamzika mzee wa watu kimya kimya, kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake.

OMBI

Tulipanga tuombe taa za barabarani. Taa zitasubiri.

Nyumba ya baba yako ndiyo ya mwisho ya upande wenu, na tumeona mtu akipima uwanja wake kwa hatua. Tulimtuma kijana wetu Rahimu ofisini kwako huko Dar akuombe usiuze. Alishinda mapokezi, akapewa soda, akarudi nayo tumboni bila neno lako. Kama umeshauza, basi. Shida za mtu anazijua mwenyewe.

Lakini Bi Khairat anaumwa, Denis. Si kikohozi cha vumbi. Daktari ametuambia, na yeye mwenyewe anajua. Kufa hakumsumbui. Anachouliza kila siku ni nani atavaa baibui lake, apite mbele ya watu akigombana na jirani kuhusu kuku. Kwa upande wenu amebaki mmoja tu anayemjua anavyotembea, na ndiye huyo aliyekaa kwenye kiti chenye kitambaa.

Mungu akulinde njiani, akuzidishie ulichonacho, na dereva wako asinyauke na maua yake.

Sisi ni wale wale wabeba mizigo wa Pumzika. Bi Khairat ametukataza kukaa mpaka tukufikishie swali lake, nasi tunalisoma alivyolisema: "Wewe mla mlenda, siku yangu utakuja?"

Tunanyamaza tukusikie.