Volti Sita Juu ya Mto Ugalla

Tarehe 30 Juni, 1999, Mzee Makarius Manyanda anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu ya redio za mawasiliano hapa Mpanda. Aliingia kazini kubeba nguzo za antena. Anatoka akiwa fundi mkuu, na kuanzia Katumba hadi Ugalla sijui kituo ambacho redio yake hajaifungua.

Wengi mnaujua ukali wake kwa kazi ya ovyo. Mimi alinirudishia redio moja mara nne, anaiweka tu mezani kwangu kama sahani chafu.

Wengine mnamjua kwa ndege. Mwaka 1991 mhandisi mmoja mgeni alipohama alimwachia ndege ya mfano iliyovunjika, mabawa mita mbili, inayoendeshwa kwa redio. Mzee aliitengeneza, akawa anairusha kule Shanwe kila Jumapili baada ya misa. Tulicheka sana. Mtu mzima na mchezo! Kumbe alikuwa anapima servo, vile vimota vinavyovuta mkia na mabawa. Alivining'inizia mawe na kuandika daftarini kila kimoja kinainua uzito gani kwa volti ngapi.

Februari 1998 mvua zilizidi, na Mto Ugalla ukawazingira warina asali wanane kwenye kipande cha ardhi iliyoinuka. Mtumbwi wao ulishachukuliwa na maji. Tuliitwa kwa redio, tukaenda na gari la karakana. Kamba tulikuwa nayo, lakini mita mia mbili za maji yale hakuna ambaye angeogelea. Mzee akashusha ndege yake kutoka kwenye gari.

Alifunga mkiani mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, ili walio ng'ambo wautumie kuvuta kamba, akajaribu kwanza upande wetu. Ndege ilipaa, mshipi ukaielemea, pua ikainama na haikuinuka tena. Iliangukia majanini, kwa bahati ikabaki nzima.

“Basi, Mzee,” alisema Alois, mtendaji wa kijiji.

“Servo ndiyo imechoka,” Mzee akamjibu. “Mimi bado.”

Akakaa chini na daftari lake. Alitoa servo ndogo ya mkia, akaweka kubwa yenye meno ya chuma. Betri yake ilikuwa na seli nne, kila moja volti 1.2, jumla 4.8. Akaongeza ya tano, akiilehemu kwa chuma alichokipasha kwenye moto wa kuni, ikawa volti sita, ili servo ivute kwa nguvu zaidi. Kuongeza tena kungeiunguza. Hata kwa sita, alisema, servo ile itaimaliza betri haraka.

“Dakika saba. Ya nane siijui.”

Ng'ambo, maji yalikuwa yamewafika magotini.

Mimi ndiye niliyeshika bunda la mshipi. Uzi ulikimbia vidoleni mwangu, na ile ndege ikapanda, pua juu, ikauvuta juu ya mto mzima. Sijawahi kuona kitu kama kile. Watu wazima tulisimama midomo wazi. Ilipopita juu ya vichwa vyao, Mzee akaishusha makusudi kwenye matete nyuma yao. Bawa lilivunjika. Hakuwa na ndege nyingine.

Wakaushika mshipi, wakavuta kamba tuliyoifunga mwisho wake, wakaifunga kwenye mti. Walivuka mmoja mmoja juu ya mpira wa tairi. Wa mwisho alikuwa Mama Kabula, aliyekataa kutangulia kabla ya wenzake. Alimshika Mzee mikono yote miwili.

“Mama, sogea kwenye moto,” Mzee akamwambia. Kisha akaenda nyuma ya gari, na huko nilimkuta analia.

Wote wanane wamethibitisha kuja kwenye sherehe ya kumuaga, na wameomba meza ya mbele.

Mzee Makarius, wenzako tunakushukuru kwa kila ulichotufundisha, hata kwa zile redio ulizoturudishia. Nenda kapumzike na mkeo, Mama Generosa. Mungu akupe afya, furaha na miaka mingi ya kuishi vema.