Verlene Stallworth Gatlin na Mkahawa wa Barabara ya Misonobari

Marehemu Verlene alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 Cobb Springs, mashariki mwa Texas, mtoto wa nne wa Mzee Amos Stallworth, mkata magogo, na Bi. Lottie. Nyumba yao ilitazamana na barabara kuu ya jimbo, na kabla hajajua kusoma alikwisha kuyatambua malori ya magogo kwa mngurumo.

Alisoma hapahapa kijijini hadi kumaliza sekondari mwaka 1959. Walimu walimsifu kwa hesabu, wakamlalamikia kwa kucheka darasani.

Mwaka 1962 alirithi mkahawa wa shangazi yake, kando ya barabara hiyo. Wateja walikuwa haba, na Januari 1966 alikwisha kufunga mizigo aende kutafuta maisha Houston. Asubuhi ya safari, dhoruba ya barafu ikaangusha misonobari pande zote mbili za kijiji. Basi la wanafunzi likanasa mbele ya mlango wake, na malori nyuma yake. Umeme ulikatika. Verlene akafungua mizigo, akatoa masufuria, akawasha jiko la kuni. Watoto walikula kambare na mkate wa mahindi, wakalala wamefunikwa makoti ya madereva, na wote wakafika kwao salama.

Aliyekuja kufungua njia alikuwa Hollis Gatlin, kijana wa idara ya barabara, na msumeno wake wa mashine. Watoto walipokwisha kuondoka, Verlene alimkuta bado yuko kwenye mti wa mwisho kando ya njia, akampelekea kahawa.

"Kaka, mti mmoja huo tangu asubuhi?"

"Nikiumaliza, dada, itabidi niondoke."

"Basi kunywa kahawa kwanza. Mti hauna haraka."

Houston haikumwona. Walifunga ndoa tarehe 11 Juni 1966 katika kanisa la Wabaptisti la kijijini, na malori yaliyopita yalipiga honi mpaka mchungaji akakaa kitini kusubiri.

Mwaka 2021, akiwa bado anapika mkahawani, alianza kusumbuliwa na moyo. Daktari alipomkataza vya kukaanga, alimjibu, "Mwanangu, mbona Jumapili uliomba kuongezewa?" Alifariki nyumbani tarehe 14 Oktoba 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa Hollis.

Ameacha mume, Mzee Hollis; watoto wawili, Loretta na Curtis; wajukuu watano; na madereva wengi waliomwita mama bila kuulizwa undugu.

Pumzika kwa amani, Mama Verlene. Tumeshiba.